Jozi Timamu

Siku ya ishirini na mbili baharini, Nakijwa alivuka chumba cha mashua akitoka jikoni na sufuria ya uji mkononi, na hakujigonga popote. Aliinama mahali pa kuinama, akakwepa kona ya meza bila kuitazama, akafika kitandani uji haujamwagika hata tone.

"Baba Mbonea, leo sijajigonga."

"Siku bado mbichi," alisema mumewe.

Eliabu alikuwa amekaa, mito miwili mgongoni. Hakuwa amelala chali tangu watoke Mtwara. Akilala chali kifua kilimjaa, akaamka anatafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Nakijwa aliweka sufuria kwenye kishikizo chake, akafunua miguu ya mumewe, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akakitoa. Shimo likabaki. Alihesabu kimoyomoyo. Jana lilijaa alipofika kumi na mbili. Leo alifika kumi na tisa.

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Muongo wewe."

"Kunywa uji."

Mashua ilikuwa na urefu wa mita kumi na moja, na kila kitu walichobaki nacho duniani kilikuwa humo, kimefungwa kamba. Nyumba ya Usangi, kule milimani, walimwachia mwana wao Mbonea na mkewe. Wiki ya kwanza ilikuwa ya michubuko. Ya pili ilikuwa ya ugomvi: nani ameacha kisu mezani, nani ameoga kopo la tatu wakati mtambo wa kuchuja chumvi unatoa lita kumi na mbili tu kwa siku. Wiki ya tatu waliacha kugombana, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimepata mahali pake na mtu wa kukikumbuka. Vitunguu vilikaa kwenye neti juu ya sinki. Jiko lilining'inia kwenye vyuma vyake, mashua ikilala upande, lenyewe likabaki wima kama mtu mwenye heshima zake. Nakijwa alilipenda jiko lile kuliko kitu chochote humo ndani.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavuta soksi ya mguu wa kulia, akajikuna chini ya kikuku.

Vikuku vilikuwa viwili, vya rangi ya risasi, vyepesi. Kimoja alikivaa mkononi, kama ilivyotakiwa. Cha pili kilitakiwa kuwa mkononi mwa Eliabu. Chumbani Mratibu, mashine iliyoongoza mashua zote, hakuwa na jicho wala sikio, sheria ilimkataza. Alichokuwa nacho ni vikuku, na kutoka humo alijua mapigo ya moyo, joto la mwili, usingizi na hatua za kila mtu. Kikuku kilichukua siku saba kumzoea mwenyewe. Siku hizo saba Nakijwa alivivaa vyote viwili, kimoja mkononi na kimoja chini ya soksi, na kikuku cha Eliabu kikazoea moyo wa mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye hajawahi kulazwa ila kwa uzazi.

Alijua alichokuwa akifanya. Alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo, na miaka ishirini na sita alisimama kwenye kizuizi cha barabarani akisoma hereni za ng'ombe. Aliwajua watu wanaong'oa hereni ya ng'ombe aliyechanjwa na kumvisha mgonjwa ili gari lipite. Aliwarudisha wote. Mzee mmoja alipiga magoti kwenye lami, akamrudisha naye. Aliwaambia vijana wa mafunzo kwamba ng'ombe mmoja mwenye hereni ya uongo anaua zizi zima, na aliwataka waliandike hilo kwenye daftari.

Juu, kwenye kibaraza cha usukani, Mratibu alikuwa akisoma taarifa ya asubuhi kwa sauti yake isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Mashua namba thelathini. Jozi timamu. Bwana Eliabu, jana ulitembea hatua elfu mbili mia nane. Bibi Nakijwa, hatua elfu mbili mia nane na nne. Mnatembea pamoja sana."

Nakijwa alipanda ngazi hadi kichwa kikatokeza nje. "Mashua ina mita kumi na moja. Ulitaka tuende wapi?"

"Nimerekodi tu," alisema Mratibu.

Chini, Eliabu alicheka hadi akakohoa. "Elfu mbili mia nane. Ndiyo maana nimechoka."

---

Saa tatu kila siku Nakijwa aliongea redioni na Bi Msimu wa mashua thelathini na moja, jirani yao wa kusini pamoja na mumewe Hatibu. Hawakuwahi kuonana. Bi Msimu alikuwa wa Lindi, alizaliwa na maji mlangoni, na alikuwa ameamua kwamba watu wa milimani baharini ni kichekesho alichoandaliwa yeye binafsi.

"Shoga, umeshaachia mlingoti au bado umeukumbatia?"

"Bado. Na wewe, makande umeshajua kuyapika au bado unayachemsha tu?"

"Hatibu kayakataa. Anasema ni chakula cha wafungwa."

"Mwambie afungwe kwanza ndiyo aseme."

Bi Msimu alicheka, redio ikapasuka sauti. Kisha akasema kuna kitu kizito kinaelea upande wao, Hatibu amekiona kwa darubini, huenda ni kontena lililodondoka zamani. Watakipitia mbali.

Saa nne na dakika kumi Mratibu alisema, kwa sauti ileile ya kuhesabu hatua:

"Mashua thelathini na moja imegonga kitu chini ya maji. Inaingiza maji, haielei tena vizuri. Watu wawili, mmoja amevunjika mkono. Wanaingia kwenye boya la mpira. Mkondo unawasukuma kuelekea Fungu la Kobe, kwenye mawimbi yanayopasuka. Watafika huko baada ya saa tatu hadi tano. Mashua thelathini, ninyi ni jozi timamu ya karibu, mwendo wa saa mbili. Kanuni ya Jirani inawataka mkawapandishe. Thibitisheni ndani ya dakika kumi."

Nakijwa alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo. Alikiweka chini.

"Na thelathini na mbili?"

"Mwendo wa saa nne na dakika arobaini. Mkithibitisha, itaendelea kulinda majirani zake. Siondoi mashua mbili kwa tukio moja. Mkikataa kwa sababu ya afya, thelathini na mbili itatumwa, na ninyi mtarudishwa bandarini na kufutwa."

Meli za uokoaji zilikwisha siku mafuta yalipokwisha. Zilizobaki ni mashua arobaini za Msafara, zimepangwa kwenye mstari kama shanga, kila moja ikiburuta waya wa kupima joto la bahari ili watu wa pwani wajue mapema lini wahame. Malipo yake ni kuishi humo hadi kufa. Sharti ni moja: kila mashua iwe na watu wawili wenye nguvu, kwa sababu Mratibu anaweza kukunja tanga na kugeuza usukani, lakini hana mikono. Mtu aliyelowa na kuchoka hapandi mwenyewe. Mmoja hushuka kwenye wavu wa pembeni kumshika, mwingine huzungusha winchi kuwavuta juu kwa kamba. Ukiwa peke yako unamshika mtu na kumtazama akichoka.

Nakijwa alishuka ngazi. Eliabu alikuwa ameshasikia yote. Alikuwa ameweka miguu yake iliyovimba sakafuni na alikuwa anatafuta viatu.

"Thibitisha," alisema.

"Winchi utazungusha wewe?"

"Nitazungusha."

"Jana ulishindwa kuvua shati."

"Jana sikuwa na sababu." Alipata kiatu kimoja. "Thibitisha, Mama Mbonea. Wale watu wako kwenye mpira."

"Nitashuka kwenye wavu, nimshike Msimu, niseme zungusha. Utazungusha mara nne. Ya tano utaanguka. Mimi niko nje, Msimu yuko mikononi mwangu, Hatibu ana mkono mmoja. Na thelathini na mbili imeshaambiwa iendelee na safari, kwa sababu sisi tuko timamu. Hapo nani anakuja?"

Eliabu alikigeuza kiatu mkononi.

"Nakuuliza wewe mwalimu wa ufundi. Nani anakuja?"

"Hakuna."

"Haya."

"Lakini ukisema ukweli wanasubiri saa nne na dakika arobaini, na saa ya tatu wanaweza kuwa kwenye miamba." Eliabu aliinua uso. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Na mimi utanirudisha. Uliniahidi. Ulimwona Elifasi."

Alimwona. Elifasi, kaka wa mumewe, alikaa miezi kumi na minne kwenye wodi ya ghorofa ya saba, dirisha lisilofunguka, mrija puani na mwingine chini, hadi alipoacha kuwatambua. Eliabu alikuwa akitoka kule anatapika kwenye maegesho. Ndipo alipoleta fomu za Msafara nyumbani, naye Nakijwa akazijaza kwa mkono wake. Sehemu ya afya aliijaza ya mwisho.

"Nikifia kwenye winchi, si ndivyo tulivyokubaliana?" alisema Eliabu. "Nifie huku, si kule."

"Tulikubaliana ufe huku. Hatukukubaliana ufe na Msimu."

"Dakika nne," alisema Mratibu kutoka juu.

Nakijwa alisimama katikati ya chumba kidogo, mkono mmoja kwenye bomba la dari. Alipenda mambo yenye hesabu, na hili lilikuwa na hesabu mbaya pande zote mbili. Akinyamaza, jirani anafika mapema bila nguvu. Akisema, jirani mwenye nguvu anafika, pengine amechelewa. Alijaribu kutafuta njia ambayo haikuwa na jina lake ndani, na hakuipata. Kama angesema ukweli Mtwara, thelathini leo ingekuwa na watu wengine, vijana wenye mabega, na Msimu angekuwa anasubiri saa mbili tu. Hilo ndilo lililomlemea. Si alichotakiwa kuchagua sasa. Alichokwisha kuchagua.

"Usinitazame hivyo," alisema Eliabu. "Mimi ndiye niliyeomba."

"Wewe uliomba. Kuvaa nilivaa mimi."

Akapanda ngazi.

"Mratibu. Mashua thelathini si jozi timamu. Mume wangu ni mgonjwa wa moyo. Tuma thelathini na mbili. Sasa hivi."

"Thelathini na mbili imetumwa." Halikuchelewa hata kidogo, hilo. "Kikuku namba mbili kinaonyesha moyo mzima."

"Kwa sababu kiko mguuni kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Mtwara."

"Nimerekodi," alisema Mratibu. "Mnarudi bandarini."

Tanga la mbele lilipiga kofi moja, likajaa upande wa pili. Mashua ikageuka magharibi, ikawapa kisogo Bi Msimu na boya lake na Fungu la Kobe, ikashika kasi vizuri kabisa.

---

Redio ya mkononi ya Bi Msimu ilikuwa na upepo ndani yake.

"Nakijwa. Mratibu kaniambia saa nane na dakika hamsini. Mwanzo kasema saa sita. Shoga, mbona mnageuka?"

Masafa yalikuwa ya wazi. Msafara mzima ulikuwa unasikiliza. Nakijwa alibonyeza kitufe.

"Baba Mbonea mgonjwa. Moyo. Alikuwa mgonjwa kabla hatujaja. Nilidanganya kikuku chake. Hatuwezi kuwapandisha."

Upepo. Sauti ya mwanamume ikigumia.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimelala nikijua nina jirani," alisema Bi Msimu.

"Ndiyo."

"Na sikuwa naye."

"Hukuwa naye."

Nakijwa aliiweka redio kwenye kishikizo chake kwa uangalifu, kama kitu kinachomwagika. Aliposikia pumzi nyuma yake akageuka. Eliabu alikuwa anapanda ngazi kwa makalio, hatua moja, anapumzika, hatua moja, amevaa kiatu kimoja.

"Rudi chini."

"Niletee spana namba kumi na tatu," alisema. "Halafu ongea unavyotaka."

"Ya nini?"

"Mkono wa mota umeshikizwa kwenye usukani kwa pini moja. Niliuona siku ya kwanza nikasema, hawa watu wanaamini sana pini." Alivuta hewa. "Pini ikitoka, Mratibu anageuza mota yake na sisi tunageuza mashua yetu. Tanga hakunji mtu akiwa kwenye usukani, ni sheria."

"Twende tukafanye nini? Hatuwezi kuwapandisha. Nimeshasema mbele ya watu wote."

"Sijui. Wewe ndiye unayejua mambo. Mimi najua pini."

Nakijwa alitazama kamba ndefu ya akiba iliyoviringwa chini ya benchi, mita mia na ishirini. Alitazama madumu mawili matupu. Mara ngapi alikuta fahali ametumbukia kwenye shimo la josho, na wachungaji wanataka kumwinua kwa mikono hadi wote watumbukie? Humwinui. Unamtia kamba, unamshikilia kichwa kiwe juu, unangoja watu watoke kijijini.

"Hatuwapandishi," alisema polepole. "Tunawashikilia tu. Wasifike kwenye miamba. Kushikilia ni kamba na usukani. Winchi haimo."

"Spana," alisema Eliabu.

Pini ilikuwa ngumu. Alipumzika mara tatu juu yake, na Nakijwa hakumsaidia, kwa sababu alimjua. Ilipotoka, usukani ulilegea mkononi mwake kama mkono wa mtu aliyekubali.

"Mashua thelathini," alisema Mratibu, "mnavunja masharti."

"Yameshavunjika." Nakijwa alichukua redio. "Msimu, na wote mnaosikia. Thelathini inarudi kwa usukani wa mkono. Msitegemee tutawapandisha. Humu kuna mtu mzima mmoja na nusu. Tunaleta kamba, mjifunge, tuwavute mbali na fungu hadi thelathini na mbili ifike. Na thelathini na mbili isipunguze mwendo kwa sababu yetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Bi Msimu. Hakusema shoga.

"Nusu ndiyo mimi?" aliuliza Eliabu.

"Nusu ndiyo wewe. Shika usukani."

---

Waliliona fungu kabla ya kuliona boya: mstari mweupe usiotulia, na muungurumo kama lori zinazopanda mlima kwa gia nzito. Saa saba kasorobo. Boya lilikuwa jekundu, dogo kuliko alivyofikiri, na lilikuwa karibu na ule weupe kuliko Mratibu alivyosema.

"Nitapita upande upepo unakotoka, uwasukumie kamba," alisema Eliabu. Aliongea kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta wa kibaraza, mkono wa usukani chini ya kwapa, na jasho lilikuwa limemlowesha kola ingawa upepo ulikuwa baridi.

Nakijwa alifunga madumu kwenye ncha ya kamba, akakaza vifuniko, akayatupa nyuma. Kamba ilitoka ikipiga kelele kwenye ukingo. Madumu yalielea yakirukaruka, yakaenda, yakaenda, yakapita mita thelathini mbele ya boya. Aliona mkono wa Bi Msimu ukinyooka na kurudi.

"Hawajapata. Zunguka."

"Tukizunguka... tutakuwa karibu na fungu."

"Najua tutakuwa wapi. Zunguka."

Aliivuta kamba yote ndani, mita mia na ishirini zilizolowa, mkono juu ya mkono, ngozi ya viganja ikimtoka. Nyuma yake mashua ililala upande na kugeuka. Jiko chini liligonga vyuma vyake. Alipoinua macho, midomo ya Eliabu ilikuwa ya buluu.

"Nikianguka?" aliuliza Eliabu.

"Nitakukanyaga nishike usukani."

"Vizuri."

"Kamba nitaifunga kwenye kishikio, sitaiachia. Wewe nitakuacha hapo chini, nitakutazama baadaye. Umesikia, Baba Mbonea? Baadaye."

"Nimesikia. Ndivyo nilivyotaka useme."

Alimtazama kidogo zaidi ya alivyopaswa, kisha akageukia maji. Safari hii hakungoja. Alitupa madumu mapema, akaiachia kamba iende yote, na upepo ukayapeleka moja kwa moja kwenye tumbo la boya. Bi Msimu aliyadaka kwa mikono miwili na kuyakumbatia. Aliipitisha kamba kwenye pete ya boya, akaipitisha tena kiunoni mwa mumewe, akainua mkono mmoja.

"Vuta," alisema Nakijwa, na Eliabu akaielekeza mashua kwenye upepo.

Kamba ilinyooka, ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Kwa muda hapakuwa na kilichosogea. Mawimbi ya fungu yalikuwa karibu kiasi cha Nakijwa kuona mashimo ya mwamba yakijaa na kumwagika. Kisha ule weupe ulianza kwenda nyuma, polepole kama mtu anayeondoka hataki kuonekana anakimbia.

Saa mbili walikaa hivyo. Walilivuta boya mita mia, wakapoteza hamsini, wakavuta tena. Nakijwa alishika kamba kwa mkono mmoja na begi la dawa kwa mwingine. Kila nusu saa alimtia mumewe kidonge chini ya ulimi. Hakubonyeza miguu yake. Hakukuwa na haja ya namba.

"Unajua kitu?" alisema Eliabu. "Inaendeshwa vizuri hii. Kwa mkono. Siku ishirini na mbili... sikuwa nimeiendesha."

"Usiongee."

"Nilikuwa nabebwa kama mzigo."

"Nimekwambia usiongee."

Thelathini na mbili ilitokea saa tisa kasoro kumi kamili, matanga mawili, vijana wawili wenye majaketi ya njano. Mmoja alishuka kwenye wavu kabla mashua haijasimama. Nakijwa alisikia winchi yao ikikereza, na akahesabu mizunguko bila kutaka: kumi na minane kwa Hatibu, kumi na sita kwa Bi Msimu. Eliabu naye alikuwa anahesabu.

Muda ulipita. Kisha redio ikaita.

"Nakijwa." Sauti ilikuwa kavu sasa, haina upepo. "Hatibu yuko hai. Mkono umewekwa vijiti."

"Nashukuru Mungu."

"Kamba yako imenishika. Hilo nitalisema popote nitakapoulizwa. Lakini kesho saa tatu usiniite."

"Sitakuita."

"Na keshokutwa."

"Nimekuelewa, Msimu."

Redio ilizimika. Nakijwa alianza kuvuta kamba ndani. Madumu yalikuja yakigongana. Eliabu alikuwa bado ameshika usukani, ameuelekeza kusini, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila bahari.

"Saa moja tu," alisema. "Saa moja, Mama Mbonea. Halafu narudisha pini, atupeleke anakotaka."

Nakijwa aliikunja kamba, akaikalia ili isifumuke. Jua lilikuwa usoni mwa Eliabu na alionekana, kwa mara ya kwanza tangu Mtwara, kama mtu aliyefika. Nakijwa angeweza kumpa saa hiyo. Hakuna aliyekuwa anazama. Nani angeumia kwa saa moja?

Akajilazimisha kujibu hilo swali, hadi mwisho.

"Mota ndiyo inayomsomea Mratibu njia yetu; pini ikiwa nje hajui tulipo wala tunakwenda wapi," alisema. "Hawezi kuwapangia ishirini na tisa jirani mwingine. Wako kule kaskazini hawana jirani."

"Saa moja, hakutatokea kitu."

"Msimu naye asubuhi alikuwa anapika."

Eliabu alitazama mbele. Upepo ulijaza tanga, mashua ikaenda. Kifua chake kilipanda na kushuka mara nyingi, na Nakijwa alingoja. Hakumshika mkono wala kumnyang'anya. Alikuwa ameshamfanyia mengi bila kumwachia nafasi ya kuyafanya mwenyewe.

Mwishowe Eliabu aliinama, akaokota pini miguuni pake, akaitafutia tundu. Mara ya kwanza haikuingia. Mara ya pili ikaingia.

"Mashua thelathini, nawasoma," alisema Mratibu. "Ishirini na tisa imepangiwa jirani mwingine. Mtafika Mtwara baada ya siku tatu."

Mashua ikageuka. Usukani ulisogea wenyewe, taratibu, na mkono wa Eliabu ulikuwa bado juu yake, ukienda ulikokwenda. Hakuuondoa. Nakijwa alimvua kile kiatu kimoja, akamwekea mito miwili mgongoni, akashuka kuwasha jiko.